Mtoto anayeogopa kunyang'anywa simu hatakuambia kitu

Zungumza na wazazi kuhusu usalama wa watoto mtandaoni na utaona mazungumzo yanakimbilia kwenye kufunga: kufunga tovuti, kufunga YouTube, kuweka neno la siri ambalo mtoto halijui. Sina ugomvi na kufuli. Google wana Family Link, Apple wana Screen Time, vyote vya kumwezesha mzazi kudhibiti matumizi ya simu ya mtoto, na mzazi wa mtoto wa shule ya msingi ambaye hajagusa hata kimojawapo atenge jioni moja ashughulike nacho. Ila kufuli humzuia mtoto asikiendee kitu. Linalonitia hofu mimi ni lile linalomfuata mtoto pale pale alipo, kwenye gemu tulilomruhusu wenyewe.

Magemu mengi wanayoyapenda watoto yana sehemu ya kuchati, na anayewinda watoto hajitambulishi kwa ubaya. Anacheza. Anamsaidia mtoto kuvuka hatua iliyomshinda, anamrushia sarafu za gemu, anamsifia. Baadaye anauliza ana miaka mingapi, yuko darasa la ngapi. Kisha linakuja swali ambalo mtu mzima akilisoma mwili unamsisimka, lakini mtoto hulijibu bila kuwaza: "Hiyo simu ni yako au ya mama? Yupo hapo?" Akishajua mtoto yuko peke yake, anapendekeza wahamie kwenye programu nyingine, waongee vizuri. Huko ndiko picha zinakoombwa, na ombi huja limefungwa na onyo: "Usimwambie mtu. Wakijua watakunyang'anya simu."

Onyo hilo hufanya kazi kwa sababu mtoto ameshalisikia nyumbani, tena kutoka kwetu. "Nikikuta unaongea na watu usiowajua, simu sikupi tena." Tunasema kwa nia njema kabisa, na papo hapo tunakuwa tumemtayarishia mhalifu kazi yake. Mtoto wa miaka tisa akipima uzito wa mambo mawili, kuvumilia mtu anayemtisha au kukosa simu na kugombezwa, mara nyingi atavumilia.

Kwa hiyo kabla ya kufuli lolote ningeanza na ahadi, tena isemwe kwa maneno yenyewe, isiachwe mtoto aibahatishe: ukiniletea jambo lililokutisha au kukuchanganya, sitakuchukulia simu kwa sababu umeniambia. Najua kuna wazazi watakaoona huku ni kumdekeza. Vipi kama naye alivunja masharti, akadanganya umri, akamjibu mtu asiyemjua? Masharti yatazungumzwa, lakini siku nyingine, mambo yakishatulia. Siku anayokuja kusema, mwenye kosa ni yule mtu mzima aliyemfuata, na mtoto anapaswa kuliona hilo usoni kwako kabla hujafungua mdomo.

Tukiwa kwenye umri: ile miaka 13 inayotajwa na mitandao mingi haikutokana na utafiti wa lini mtoto anakomaa. Chimbuko lake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, COPPA, inayohusu kampuni kukusanya taarifa za watoto walio chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Mtoto anabadilisha mwaka wa kuzaliwa, kazi imekwisha. Wengine hubadilishiwa na wazazi wao. Tatizo ni kwamba mtandao ukishaamini una mtu wa miaka 20 mbele yake, ule ulinzi uliowekewa watoto, kama akaunti kufungwa kwa wageni, hauji kabisa. Na hata mtoto aliyesema kweli hakuwa salama kila mara. Mwaka 2023 mamlaka ya Ireland ya kulinda taarifa binafsi iliipiga TikTok faini ya euro milioni 345, na mojawapo ya sababu ni kwamba akaunti za watoto zilikuwa wazi kwa kila mtu tangu zinapofunguliwa. Kwa hiyo mipangilio ya faragha ifungue mwenyewe uiangalie. Usidhani kuna aliyekufanyia.

Shule nazo zina ya kwao. Kuna zile picha za ukurasa wa shule: mtoto kashika cheti, nembo ya shule iko kifuani, jina lake kamili na darasa vimeandikwa chini. Asiyemjua mtoto huyo sasa anajua amwite nani na amsubiri kwenye geti gani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 16, unampa mtoto haki ya faragha, na sijui ni kwa nini haki hiyo iishie pale shule inapotaka kujitangaza.

Lakini linaloniudhi zaidi ni uonevu wa wenzao, kwa jinsi unavyorushwa huku na huku. Kundi la WhatsApp la darasa linatengeneza stika ya uso wa mwenzao akilia, inazunguka usiku kucha, asubuhi hataki kwenda shule. Mzazi akilalamika, shule inasema limetokea nyumbani, usiku, kwenye simu za wazazi. Wazazi wanasema hao ni wanafunzi wenu. Kila shule iwe na mtu mzima mmoja wa kupokea mambo haya, anayejulikana kwa jina na kila mtoto, hata wa darasa la kwanza, naye abanwe na ahadi ile ile ya nyumbani. Sanduku la maoni halitoshi.

Mtoto akishasema, usifute chochote kwa hasira. Hifadhi ujumbe, jina la akaunti na tarehe, kisha ndipo umzuie mtu huyo, uripoti kwa mtandao husika na kwa polisi. Ikiwa kuna picha ya utupu ya mtoto, usiitume kwa yeyote, hata kwa mwalimu, hata kama ushahidi. NCMEC, shirika la Marekani linaloshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, lina huduma ya bure iitwayo Take It Down, inayotengeneza alama maalumu ya picha bila picha yenyewe kutoka kwenye simu, ili mitandao iliyojiunga iitambue na kuiondoa.

Na ikibidi simu iende polisi kama ushahidi, mweleze mtoto mapema kwa nini inaondoka, maana kwake itafanana kabisa na adhabu uliyomwahidi kwamba haitakuwepo.