Projekta ndogo isanifiwe kuanzia kwenye betri

Mtu anayeanza kubuni projekta ndogo ya LED inayotumia betri kwa kawaida hujiuliza kwanza itatoa mwanga kiasi gani. Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali la mwisho. La kwanza ni betri imebeba nishati kiasi gani, na la pili ni joto litapita wapi, kwa kuwa majibu ya hayo mawili ndiyo yanayopanga mwanga, mbunifu apende asipende.

Tuchukue seli moja ya lithiamu ya aina ya 18650, ile ya kwenye tochi za kuchaji, yenye ampea-saa 3 kwa volti 3.6. Nishati yake haifiki wati-saa 11, kwa hiyo filamu ya saa mbili inaruhusu kifaa kizima kitumie wati 5 na kitu. Ukiondoa wati 1.5 za bodi inayochakata picha, ukaondoa pia sehemu ya kumi inayopotea katika saketi ya kuendesha taa, taa zenyewe zinabakiwa na wati 3.5 hivi, na sehemu kubwa ya hizo hugeuka joto. Ndiyo maana siamini boksi linalotangaza maelfu ya lumeni, yaani kipimo cha wingi wa mwanga, kwa projekta inayoingia mfukoni.

Projekta nyingi za namna hii hutumia chipu ya vioo vidogo mno vinavyopinduka, aliyoibuni Larry Hornbeck wa kampuni ya Texas Instruments mwaka 1987. Chipu hiyo huhitaji rangi nyekundu, kijani na bluu ziwake kwa zamu, haraka kiasi kwamba jicho huziona kama picha moja. Hapa ndipo ugumu unapoanza. LED nyekundu hutosheka na volti 2 na kidogo, ilhali ya kijani, ikisukumwa kwa mkondo mkubwa, huweza kupita volti 3.5, na seli nayo huanza na volti 4.2 ikiwa imejaa, ikashuka hadi karibu 3. Kwa hiyo saketi inayoshusha volti pekee haitoshi, na rezista ya kupunguza mkondo ni upotevu mtupu. Inahitajika saketi inayoweza kupandisha na kushusha, inayodhibiti mkondo badala ya volti, na inayohama kutoka rangi moja hadi nyingine bila kuyumba.

Bodi yangu ya kwanza ilinifundisha jambo ambalo sikulitilia maanani kwenye karatasi. Saketi ya namna hiyo hutunza nguvu ya taa isibadilike, kwa hiyo kadiri volti ya seli inavyoshuka ndivyo inavyovuta mkondo mwingi zaidi kutoka kwenye seli. Ukinzani wa ndani wa seli nao huishusha volti zaidi, mpaka saketi ya kulinda seli isiishiwe kabisa inakata umeme. Mzigo ukiisha, seli inapumua, volti inapanda, projekta inawaka tena, halafu inazima. Ilikuwa ikiwaka na kuzima hivyo kwa dakika kadhaa, na seli ilikuwa ikiumia kila mara. Dawa yake ni kutenganisha viwango viwili: ikate kwenye volti 3.0, lakini isikubali kuwaka tena kabla ya 3.5. Hata hivyo, naona ni bora zaidi kupunguza mkondo wa taa polepole tangu volti 3.3, ili mtazamaji apate picha hafifu kidogo kuliko kukosa mwisho wa filamu.

Kuhusu joto, nasisitiza jambo moja. LED nyekundu hupoteza mwanga kwa joto kuliko ya bluu, hivyo kifaa kikichemka, rangi nyeupe huanza kuelekea samawati hata kama mikondo yote haijabadilika. Kipima joto kidogo kibandikwe kwenye kipande cha alumini kinachobeba taa nyekundu, nacho kiruhusiwe kupunguza bluu na kijani ili uwiano ubaki. Feni hula nishati ile ile tunayoihesabu kwa uchungu na hupiga kelele karibu na msikilizaji, kwa hiyo mimi naiacha.

Bodi ya tatu ninayoichora sasa ina seli mbili zilizounganishwa sambamba. Mwanga sijauongeza hata kidogo. Nishati yote ya ziada nimeielekeza kwenye muda.