Kubwa Haimaanishi Tasa

Jumamosi nilikuwa kwa kaka yangu, Majengo, hapa Moshi, nasubiri machalari yaive. Binti yake akaniletea daftari la tuisheni. Swali: je, 1,000,001 ni namba tasa, yaani isiyogawika ila kwa 1 na kwa yenyewe? Jibu lake: ndiyo, kwa sababu haigawiki kwa 2, 3 wala 5. Pembeni, kwa wino mwekundu: Vema!

Vema nini sasa?

"7 umejaribu?"

"Hapana shangazi. Mwalimu alisema ikiwa kubwa hivyo na hizo tatu zimegoma, andika tasa."

Eti kubwa! Mlima wetu una mita 5,895, nazo si haba. Jumlisha tarakimu zake upate 27, na kwa kuwa 9 inaingia humo, inaingia na kwenye 5,895 bila hata kubisha hodi. Ukubwa haujawahi kuizuia namba kugawika.

Nikaomba karatasi. Tuseme unafunga machungwa, kila fungu 101. Ukiwa na mia umepungukiwa moja, kwa hiyo kila mia ina deni la 1. Elfu kumi? 101 mara 99 ni 9,999, inabaki 1. Milioni ni elfu kumi mara mia; kila elfu kumi imekuachia chungwa 1, kwa hiyo unabaki na machungwa mia. Na mia, tumeshasema, ina deni la 1. Ile moja iliyokaa mkiani mwa 1,000,001 inakuja kulipa deni. Kwisha! Ni 101 mara 9,901. Wifi yangu, mweka hazina wa kikoba, alielewa kabla ya mwanawe: "Kumbe ni marejesho tu."

Kinachoniuma ni kwamba njia halali ipo na haina uchawi: unajaribu namba tasa moja baada ya nyingine mpaka kipeuo cha pili, ambacho hapa ni kama 1,000. Ni kazi, sikatai. Lakini 101 ni namba tasa ya 26 tu. Mtoto angeanzia 2 akasonga taratibu, angeikuta kabla chungu hakijaepuliwa. Na msiniambie mtihani hauulizi hayo.

Haya, nakubali shingo upande kwamba wakubwa pia huteleza. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, aliamini 4,294,967,297, yaani 2 kwa kipeo cha 32 ongeza 1, ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati mwingine, Euler, akaonyesha kwamba inagawika kwa 641. Ila Fermat hakuwa akitoza ada ya tuisheni.

Nikamwachia binti 10,001. Akakimbilia 101 yake mpya, ikabaki 2.

"Basi hii ndiyo tasa, shangazi?"

"Umejaribu ngapi?"

"Moja."

Nilipoaga alikuwa amefika 31, machalari yake yamepoa mezani, na 73 bado iko mbele.