Sindano ya kumbukumbu: kimehama nini hasa kwa konokono?

Mitihani ya Kidato cha Nne ikikaribia, kuna kauli huzuka mabarazani hapa Mjini: ati Marekani wamemtoa konokono mmoja kumbukumbu wakamdunga mwengine, naye akakumbuka. Basi siku si nyingi mtoto atapigwa sindano ya Juzuu Amma, astarehe.

Kisa ni cha kweli, ila kimetiwa chumvi. Mwaka 2018 mwanasayansi David Glanzman na wenzake wa Los Angeles waliwapiga shoti za umeme mkiani konokono wa baharini wanaoitwa Aplysia, wale wasio na gamba la nje. Aliyepigwa shoti, ukija kumgusa kidogo tu, hujikunyata kiasi cha sekunde 50. Asiyepigwa, sekunde moja basi. Wakachukua RNA, yaani molekuli zinazobeba maagizo ya jeni ndani ya chembe, kutoka neva za waliopigwa, wakawadunga wasiojua lolote, nao wakajikunyata sekunde kama 40. RNA ya wasiopigwa haikufanya kitu.

Glanzman akasema kumbukumbu ingekuwa inakaa kwenye miungano ya neva, pale chembe moja ya neva inapokutana na nyengine, jaribio lisingefaulu. Hapo anapingana na Eric Kandel, mtafiti wa ubongo aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa konokono huyu huyu. Kwa Kandel, shoti moja huongeza nguvu ya miungano iliyopo, na hadhari hiyo ya kujikunyata hudumu dakika chache tu. Zikirudiwa kwa siku kadhaa, chembe hutengeneza protini mpya, miungano mipya huota, na hadhari hudumu kwa wiki kadhaa. Ukizuia protini hizo, kumbukumbu fupi hubaki, ndefu haiji. Mwalimu wa madrasa asiyemruhusu mtoto kulimbikiza sura kwa usiku mmoja angeelewana naye upesi.

Mimi naegemea kwa Kandel, ingawa sindano ile siidharau. RNA hiyo ilipotiwa kwenye chembe za neva zilizooteshwa maabara, zinazopokea mguso zilizidi wepesi wa kusisimka; zinazoendesha misuli hazikubadilika. Hilo ni gumu kuliita bahati.

Tatizo langu ni jengine. Konokono wa shoti hakujifunza habari yoyote mahsusi, amekuwa mwoga tu, akiguswa popote hushtuka. Kumhamishia mwenzake uoga si kumhamishia somo, wachilia mbali aya. Lakini yupo konokono wa maji baridi, Lymnaea, ambaye kwa somo moja tu huweza kujua kwamba kemikali fulani huja pamoja na sukari. Nioneshwe hilo limehama kwa RNA, na aliyedungwa aanze kutafuna kwa kemikali hiyo tu, si kwa nyengine, nitahamia kwa Glanzman siku hiyo hiyo.