Ngege wa Kanyaboli na hoja ya kupandikiza sato

Sangara amebebeshwa lawama yote ya kutoweka kwa ngege, samaki wa asili wa jamii ya sato, katika Ziwa Victoria, ilhali nyavu zilimtangulia. Nyavu za makila, zinazomnasa samaki kwenye matundu yake, ziliingia ziwani mwaka 1905, na mtaalamu wa uvuvi Michael Graham alipofanya utafiti wake mwaka 1927 na 1928 alikuta ngege ameshaanza kupungua, akashauri matundu yasiwe chini ya inchi 5. Sangara na sato walipandikizwa miongo kadhaa baadaye.

Maumbile ya ngege hayamsaidii. Jike huatamia mayai na vifaranga mdomoni, kwa hiyo kila uzao ni mdogo, wakati sangara hutaga mayai kwa mamilioni. Tena ngege hutegemea zaidi mwani mdogo unaoelea majini, ilhali sato hula mwani, wadudu na mabaki, na hukua upesi. Kibaya zaidi, sato na ngege huzaliana, na damu ikishachanganyika haitenganishwi tena. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, imemweka ngege katika kundi la viumbe walio hatarini zaidi kutoweka.

Kimbilio lake mojawapo ni Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala, kaunti ya Siaya. Maji yaliyo chini ya mafunjo yana oksijeni haba, na sangara hayawezi. Ukikata mafunjo ili kulima, umemfungulia mlango.

Wanaotaka sato azalishwe kwa wingi katika maeneo kama haya wana hoja nzito. Mvuvi ana watoto wa kulisha, vifaranga vya sato vinapatikana, na wanunuzi hawakosi. Kumkataza bila kumpa kitu kingine ni kumsukuma avue usiku kwa nyavu haramu.

Hata hivyo, mimi nipo upande wa ngege. Sato anafugika karibu kila mahali. Ngege amebakiwa na maziwa machache mno. Hata bwawa la kuchimba si salama likiwa jirani na ziwa, kwa sababu mvua kubwa zikilifurisha, sato wanatoka na maji. Ningependa kuona wakulima wa Siaya wakifuga ngege badala yake. Anakua polepole, na hasara hiyo si haki kumwachia mfugaji peke yake: serikali zinazogawa vifaranga vya sato zinaweza kugawa vya ngege bure, zikamfidia na chakula cha samaki kwa miezi ile ya ziada anayosubiri kuvuna.