Watu wa Mbeya na siku ya sita ya Kilimanjaro

Vijana wa Mbeya wanapojichanga kwenda kupanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu, ubishi huwa uleule: walipie siku tano, au waongeze ya sita ya kukaa Horombo, kambi ya katikati ya njia? Wanaotaka tano husema sisi ni watu wa milima, tumeshazoea. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Jiji liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 18. Ndiyo maana maji huchemka kwenye nyuzijoto 94 hivi, na maharage hukaa jikoni mpaka mkaa uongezwe. Anayeishi hapa humtangulia mtu wa Dar es Salaam, lakini kwa hatua chache tu.

Kwa anayeogopa ugonjwa wa mwinuko, ule unaoletwa na upungufu wa oksijeni, jambo la kupima ni mahali pa kulala. Madaktari wa milimani hushauri kwamba ukishavuka mita 3,000, malazi ya kila usiku yasipande zaidi ya mita 500 kutoka ya jana. Sasa tazama kambi za Marangu: Mandara ni mita 2,700, Horombo 3,720, Kibo 4,700. Ni mita elfu moja kwa siku, mara mbili mfululizo, kisha karibu saa sita ya usiku huohuo unaamshwa kuzifuata mita nyingine 1,200 hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895, ambako mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa pwani. Hata siku ya sita haiifikishi ratiba hiyo kwenye ushauri wa madaktari. Inaipunguzia ukali tu.

Ukali huo hupunguzwa zaidi na figo. Oksijeni ikipungua, mtu huhema zaidi ndani ya saa chache, lakini kuhema huko hutoa hewa ukaa nyingi, damu hupungukiwa asidi, na ubongo huizuia pumzi isizidi. Figo hukiondoa kizuizi hicho kwa kumwaga bikaboneti, kemikali inayopunguza asidi, kwenye mkojo, kazi ya siku kadhaa. Anayetoka mara tatu usiku kutafuta choo Horombo, akiilaani baridi, mwili wake uko kazini. Chembe nyekundu mpya za damu huchukua wiki. Hizo hazimwokoi wa siku tano wala wa sita.

Wapo wanaotegemea mazoezi ya Rungwe. Mlima huo wa karibu mita 2,960 hukaza miguu kwelikweli, ila jioni wapandaji hurudi kulala Tukuyu, chini kuliko Mbeya. Usiku kadhaa kwenye uwanda wa juu wa Kitulo, mita 2,600, ungefaa zaidi.

Gharama ni pingamizi la haki: siku moja ni ada ya hifadhi, chakula na ujira wa wapagazi, na kwa mwalimu wa shule ya msingi si fedha ndogo. Mimi ningemshauri asubiri msimu mwingine akiziongeza, hasa akiwa na nguvu, kwa kuwa ukakamavu haumkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko, na mwenye nguvu ndiye hukimbilia mbele huku akificha kichwa kinachomuuma. Siku hiyo ya sita wapandaji huenda hadi Miamba ya Pundamilia, karibu mita 4,000, kisha hurudi kulala Horombo, kitanda kilekile cha jana.