Kiti Ndicho Kilichotangulia Kuuzwa

Mimi ni mchoraji. Mwenye nyumba hilo hataki kulisikia, hasa ikifika tarehe 5, lakini ni mchoraji. Huu ni mwaka wa tatu nauza michoro yangu mtandaoni, na kama kuna mtu amewahi kukwambia kwamba biashara ya mtandaoni haina kuchomwa jua, mlete hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, nimwonyeshe soli za viatu vyangu.

Mchoro hauuziki mpaka upigwe picha. Chumba changu kina dirisha moja, nalo linatazama ukuta wa ploti ya jirani, kwa hiyo kila picha lazima nipande juu kunakoanikwa nguo. Siku hiyo nilikuwa na mchoro wa mama anayeuza omena, wale dagaa, sentimita 90 kwa 120, kazi ya wiki tatu. Nikauegemeza mchoro kwenye kiti changu cha plastiki cha kijani, nikasogeza shuka za Mama Brayo, nikangoja wingu lipunguze mng'ao, nikapiga. Chini nikaandika "akriliki juu ya kanvasi." Kanvasi yenyewe ni amerikani ya Biashara Street niliyoipaka rangi nyeupe ya ukuta mara mbili, lakini si kila siri ya jikoni huambiwa mgeni.

Kufika jioni, meseji 14! Mikono ikatetemeka. Nikafungua ya kwanza: "Bado ipo?" Nikajibu, ipo ndugu, karibu. Kimya mpaka leo. Ya pili: "Bado ipo?" Hawa watu nimewachunguza sana. Hawanunui kitu. Wao huzunguka tu kuhakikisha vitu bado vipo duniani, wakishatosheka wanalala. Ya tano ndiyo iliyonimaliza: "Hicho kiti ni ngapi?" Meseji tisa kati ya zile 14 zilikuwa za kiti. Mmoja aliniomba, kwa adabu kabisa, niondoe "hiyo picha" hapo mbele ili aone mgongo wa kiti vizuri. Kesho yake kikaenda, shilingi 500, mtu hakuomba hata kupunguziwa. Siku hizi nachora nikiwa nimesimama.

Binamu yangu akasema tatizo ni Wakenya, niende masoko ya ng'ambo wanakolipa dola. Haya. Fomu ikataka jina la barabara na nambari ya nyumba. Mimi nakaa nyuma ya kanisa la mabati, unampita fundi wa viatu, geti jeusi, ukifika uliza Baba Otis hata kama hayupo. Nikaandika hivyo hivyo. Fomu ikawa nyekundu. Nikaweka sanduku la posta la mjomba, 00100 Nairobi, kama mtu mwenye heshima zake. Nyekundu zaidi, sanduku haitaki, inataka kujua ninapolala. Mwisho nikaandika "Barabara ya Kanisa, nambari 1." Barabara hiyo Mungu mwenyewe haijui, lakini fomu ikafurahi.

Mama mmoja wa Finland akaupenda mchoro. Nilikuwa nimeuweka dola 95, kama shilingi 12,000 hivi, na tayari nilishazigawa: kodi, rangi, deni la Mama Brayo. Kwenda kuuliza usafirishaji, nauli ya mchoro ikazidi bei ya mchoro. Nikashauriwa niuvue fremu, niuviringe rangi ikiwa upande wa nje ili isijikunyate, niutie ndani ya bomba la maji. Muuza bomba akaniuliza nahamishia wapi mfereji. Ukiongeza ada ya tangazo, kamisheni, na ile ya kubadilisha dola, mimi ndiye ningemlipa yule mama ili auchukue. Nikamweleza yote hayo kwa Kiingereza changu chote. Akanijibu kwa kapicha ka moyo. Moyo hauingii kwenye M-Pesa.

Ndipo akatokea bwana wa Rongai. Huyu hakuuliza kama bado ipo. Aliuliza vipimo. Urefu, upana, akarudia mara tatu, hadi nikajiambia leo nimepata mjuzi, huyu ana ukuta wa maana.

"Bei ya mwisho?"

"12,000, bosi wangu."

"Hiyo ni ya kwanza. Nimeuliza ya mwisho."

Tukaangukia 6,500, mzigo nilete mwenyewe.

Hadi mjini nilipanda bodaboda. Kama hujawahi kubeba mchoro wa mita na zaidi kwenye boda pale Outering, basi hujui tanga la jahazi hufanya kazi gani. Upepo ulipoingia, tulihama leni bila kupenda. "Buda," jamaa akanipigia kelele, "umebeba mzigo ama unataka tupae?"

Pale Railways, matatu ya Rongai imechorwa kutoka bampa mpaka bampa, na aliyeichora hajawahi kuulizwa kama bado ipo. Nikamweka mama wa omena kwenye kiti cha dirishani. Konda akaja. "Na huyu?"

"Huyu ni mchoro."

"Amekaa ama hajakaa?"

Nikamlipia. Nyuma yetu kulikuwa na mama mmoja na kikapu chake, akautazama mchoro kuanzia Nyayo mpaka Galleria bila kusema neno. Kisha akanigusa bega. "Kijana, hakuna muuza omena anayejaza kopo la gorogoro hivyo. Huyu atafilisika." Miaka mitatu, na huo ndio uchambuzi wa kwanza wa kazi yangu.

Bwana wa Rongai alinipokea vizuri, chai ya maziwa na mandazi mawili. Kisha akanipeleka sebuleni, na hapo ndipo nikaelewa ile habari ya vipimo. Tangi la juu lilivuja wakati wa mvua ndefu, na ukutani palikuwa na doa la maji, kubwa la kijivu, sentimita 85 kwa 110. Alikuwa amelipima kwa futi ya fundi. Mchoro hata hajautazama, alitazama kingo zake. Akanipa nyundo na msumari. Nikagonga, nikaning'iniza, doa likapotea lote. Akapiga makofi, akatuma pesa papo hapo.

Mara akaingia mtoto wake, wa miaka minne hivi, ana uji mdomoni. Akasimama. Akautazama ukuta. Akaangua kilio ambacho nadhani kilisikika Kiserian.

"Tembo wangu! Wamemfunika tembo wangu!"

Nikainua pembe ya mchoro, nikachungulia. Kweli bwana: mkonga huu hapa, sikio, hata mkia. Mtoto akanyamaza. Nikashusha, akaanza tena. Baba mtu akanisogelea, akaninong'oneza.

"Fundi, tembo wa saizi hiyo, bei ya mwisho?"