Malimbe na almanaka ya chuo

Kwa mama ntilie mmoja wa Malimbe, pembeni ya kalenda ya parokia, imebandikwa almanaka ya chuo. Hana mtoto anayesoma pale. Anaitazama ili ajue wiki gani aloweke maharage ndoo nzima na wiki gani bakuli litatosha. Chini ya meza ana daftari la madeni. Wadaiwa wameandikwa kwa hosteli na namba ya chumba, na mbele ya kila deni kuna neno moja: "bumu", yaani siku pesa ya Bodi ya Mikopo itakapoingia.

Wanafunzi si wageni huku, kilomita kama 10 kusini mwa katikati ya jiji la Mwanza. Kanisa Katoliki lilianzisha kituo cha mafunzo hapa upande wa Nyegezi mwaka 1960, na mwaka 1998 kikazaa Chuo Kikuu cha Mtakatifu Agustino, SAUT. Kituo kidogo, kijiji kinaweza kukimeza na kikabaki kijiji. Chuo kikuu hakimezeki. Swali ni kama kimewainua watu wa Malimbe au kimewasukuma pembeni.

Wanaosema chuo kimewainua wana hoja. Bodaboda, wakala wa pesa, steshenari, saluni, muuza chipsi, fundi wa vitanda vya chuma: wote wanakula hapo. Aliyekuwa na kiwanja na akiba ya matofali amejenga vyumba sita, kodi inamsomeshea watoto. Mwanafunzi anayewafundisha tuisheni watoto wa mwenye nyumba naye si faida ndogo, ingawa haihesabiwi popote.

Ila hebu tuigeukie kodi hiyo hiyo. Chukulia chumba cha shilingi 80,000 kwa mwezi. Wanafunzi wanne wakichangishana, kila mmoja anatoa 20,000, na wanaweza kulipa miezi sita kwa mkupuo. Mvuvi mwenye mke na watoto watatu anailipa peke yake, kwa pesa inayotegemea dagaa wa usiku, na mbalamwezi ikiwa kali hapati kitu. Mwenye nyumba atampa nani? Hana roho mbaya, anapiga hesabu tu. Basi mvuvi anahamia mbali na mwalo, pale mitumbwi inapotia nanga, au anapanda juu kwenye vilima vya mawe.

Na mawe ya Mwanza tunayajua. Choo cha shimo hakichimbiki kwenda chini sana, na hosteli ya watu 40 inajaza shimo haraka kuliko nyumba ya familia. Mvua ikinyesha, kila kitu kinateremka ziwani, na ziwani ndiko wengine wanakochota maji. Hapa lawama naiweka kwa wenye hosteli na kwa jiji kuliko kwa chuo. Kukagua choo na maji kabla chumba hakijapangishwa si kazi ya mhadhiri.

Suala la ardhi ni gumu zaidi. Serikali ikitwaa ardhi, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inadai fidia kamili, ya haki na kwa wakati. Lakini sehemu kubwa ya mabadiliko haya huja kwa mikono ya watu wenyewe: mzee anauza shamba la mihogo kwa bei ya mihogo, aliyenunua anapima viwanja anauza kwa bei ya hosteli. Sheria ya fidia haimhusu huyo mzee, maana ameuza kwa hiari.

Mimi naona chuo kimeleta mengi kuliko kilivyoondoa, ukihesabu eneo zima. Ukihesabu nyumba kwa nyumba, jibu linabadilika kila mlango. Tena hata waliopata wamefungwa kamba moja. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, mpaka vilipofunguliwa Juni 1, biashara iliyojengwa juu ya wanafunzi haikuwa na mteja wa akiba.

Mama yule bado ana kurasa za mwaka ule. Baadhi ya madeni hayajakatwa mstari, waliokopa walishamaliza masomo na kuondoka. Nilimuuliza kwa nini hakuacha kukopesha. Akacheka.

"Sasa mwanangu, nikiwanyima hawa nimuuzie nani? Wavuvi walishahama."